Uzuri wa mkakasi: Jinsi tarakilishi inavyoitambua aina ya faili

MPWA wangu alibisha hodi jioni moja akiwa amebeba kipakatalishi kwapani, uso ameukunja kama aliyelamba shubiri. Alikuwa amehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia na, kama walivyo vijana wengi nchini, kazi yake ya kila siku ilikuwa kutafuta kazi. Taasisi moja ilikuwa imetangaza nafasi iliyomwafiki barabara. Alituma maombi kupitia tovuti ya taasisi hiyo saa chache kabla ya makataa. Wiki tatu baadaye alijibiwa kwamba stakabadhi zake zilikataa kufunguka, na kwa hivyo ombi lake halikushughulikiwa.

“Mjomba, mbona nilituma PDF kama walivyotaka?” aliniuliza. “Hata ile alama nyekundu ya PDF ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu.”

Nilipomdadisi, niling’amua kilichotendeka. Wasifukazi wake aliuandika kwa programu ya Microsoft Word, na faili yenyewe ikaitwa wasifu.docx. Tangazo lilisisitiza kwamba ni faili za PDF pekee ambazo zingepokelewa. Kwa kuwa muda ulikuwa umeyoyoma, alizifuta herufi docx zilizokuwa mwishoni mwa jina, akaandika pdf mahali pake. Tarakilishi ilimwonya kwamba huenda faili isifae tena kwa matumizi. Akaupuuza ujumbe huo na kukubali. Papo hapo aikoni ikabadilika, ikawa ile ya PDF. Tovuti ya taasisi nayo ikaipokea faili bila kuuliza swali lolote.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Faili ya mpwa wangu ilikuwa mkakasi wa aina hiyo. Kwa nje ilivaa jina na sura ya PDF, ilhali ndani haikuwa imebadilika hata chembe.

Swali linalozuka ni hili: Je, tarakilishi hujuaje kwamba faili hii ni picha, ile ni wimbo, na nyingine ni barua? Na kama hujua, mbona ikadanganyika kwa urahisi namna ile?

MSURURU WA NAMBARI

Yafaa tuanze na faili yenyewe. Faili yoyote iliyohifadhiwa katika tarakilishi ni msururu wa nambari tu. Kila nambari, ambayo wataalamu huiita baiti, huwa kati ya 0 na 255. Picha ya arusi, wimbo wa taarabu, barua ya kuomba mkopo na programu ya uhasibu zote huhifadhiwa kwa nambari hizo hizo. Baiti yenye thamani ya 80 yaweza kuwa herufi P katika barua, sehemu ya rangi ya anga katika picha, au kipande cha amri katika programu. Ukiitazama peke yake huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo.

Hapo ndipo inapoingia programu ya kusimamia faili, yaani ile inayotuonyesha makabrasha na vilivyomo ndani yake. Kwenye Windows inaitwa File Explorer, kwenye tarakilishi za Macintosh ni Finder, na kwenye Linux zipo kadhaa, zikiwemo Nautilus na Dolphin. Programu hiyo hulazimika kuamua mambo mawili kuhusu kila faili: itaionyesha kwa aikoni gani, na itaiita programu ipi mtu anapoibofya mara mbili. Ikikosea la kwanza, macho ya mtumiaji hupotoshwa. Ikikosea la pili, faili hukataa kufunguka au, vibaya zaidi, hufunguka kwa namna ambayo mwenyewe hakuitarajia.

KIAMBISHI TAMATI

Njia iliyoenea zaidi ni kutazama mwisho wa jina. Herufi zinazofuata nukta ya mwisho, mathalan docx, jpg, mp3 au pdf, ni mfano wa kiambishi tamati, nasi tutaziita hivyo katika makala haya.

Desturi hii ina umri mkubwa. Mfumo endeshi wa CP/M, uliobuniwa na Mmarekani Gary Kildall katika miaka ya 1970, uliyapa majina ya faili herufi zisizozidi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu za kuonyesha aina. Mfumo wa DOS wa kampuni ya Microsoft, uliotoka mwaka wa 1981, uliurithi mtindo huo. Windows 95 ilipozinduliwa mwaka wa 1995 iliruhusu majina marefu ya hadi herufi 255, lakini mazoea ya kiambishi cha herufi tatu yalikuwa yamekita mizizi. Ndiyo sababu hadi leo tunaandika jpg pale ambapo jpeg ingetosha.

Windows hufanya kazi yake hivi. Ndani yake imo rejista, yaani daftari kubwa lenye orodha ya viambishi. Mkabala na kila kiambishi yameandikwa jina la aina ya faili, aikoni yake na programu ya kuifungua. Unapofungua kabrasha, File Explorer husoma majina, ikatazama baada ya nukta ya mwisho na kulipekua daftari. Ikikuta docx, huweka aikoni ya Word. Ikikuta pdf, huweka aikoni ya programu inayosoma PDF. Ili kuamua hilo, haina haja ya kuchungulia hata baiti moja ya yaliyomo.

Kwa hivyo aikoni nyekundu aliyoiona mpwa wangu haikuwa matokeo ya uchunguzi wowote. Tarakilishi ilikuwa inamrudishia tu madai aliyoyaandika yeye mwenyewe.

SOMO LA NGELI

Walimu wa Kiswahili watanielewa upesi. Zamani nomino ziliainishwa kwa kutazama umbo la viambishi vyake. Neno lililoanza kwa ki- liliwekwa moja kwa moja katika ngeli ya KI-VI. Mtindo huo ulifaa kwa kiti, kisu na kikombe, ila ulikwama ulipofika kwa kijana, kipofu, kiongozi na kifaru. Hatusemi “kijana kimefika”. Twasema “kijana amefika”. Kwa umbo, neno hilo linafanana na kiti. Kwa upatanisho wa kisarufi, limo katika ngeli ya A-WA pamoja na mtu na mwalimu. Ndiposa wanasarufi wengi wakahiari kuainisha nomino kwa kutazama jinsi zinavyopatana na maneno mengine katika sentensi.

Katika ulimwengu wa tarakilishi pia zipo kambi mbili. Ya kwanza hutazama umbo la jina, kama tulivyoona kwa Windows. Ya pili huifungua faili na kutazama inavyoanza.

Kambi hii ya pili nayo si changa. Mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani, ulikuwa na programu iliyoitwa “file” tangu mwaka wa 1973. Kazi yake ilikuwa kuzisoma baiti za faili na kukisia aina yake pasipo kujali jina. Katika miaka ya 1980 Ian Darwin wa Kanada aliiandika upya na kuitoa bila malipo, na toleo lililotokana na kazi yake lingali linatumika katika Linux na Macintosh.

Programu hiyo huweza kukisia kwa sababu waliobuni aina nyingi za faili waliweka alama maalumu mwanzoni. Wataalamu huziita alama hizo nambari za kimazingaombwe, ingawa hazina uchawi wowote. Faili ya PDF huanza kwa herufi %PDF-. Picha ya GIF huanza kwa GIF87a au GIF89a, tarakimu hizo zikiashiria matoleo ya mwaka wa 1987 na 1989. Picha ya JPEG huanza kwa baiti 255, 216 na 255. Picha ya PNG huanza kwa baiti nane zisizobadilika, na ya pili hadi ya nne ni herufi P, N na G.

Baadhi ya alama hizo ni kumbukumbu za watu. Programu za Windows zenye kiambishi exe huanza kwa herufi MZ, ambazo ni za mwanzo za majina ya Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft. Faili za ZIP, zinazotumiwa kufungasha faili nyingi pamoja na kuzipunguza ukubwa, huanza kwa PK. Hizo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyeutoa mtindo huo mwaka wa 1989 na kuaga dunia mwaka wa 2000.

Jioni ile niliifungua faili ya mpwa wangu kwa Notepad, programu sahili ya maandishi iliyomo katika kila Windows. Ukurasa ulijaa herufi za ajabu ajabu zisizosomeka, lakini mbili za kwanza zilikuwa wazi: PK.

Alishangaa. Nikamweleza kwamba tangu toleo la Word la mwaka wa 2007, faili ya docx ni furushi la ZIP lenye faili nyingine ndogo ndogo ndani yake. Mwajiri alipoibofya, programu yake ya PDF iliitafuta alama ya %PDF- isiione, ikakutana na PK, ikakataa kuendelea.

MBONA JINA LINGALI LINATAWALA?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini programu zote zisiachane na jina na kuyachungulia yaliyomo. Zipo sababu mbili.

Ya kwanza ni kasi. Jina hupatikana papo hapo kabrasha linapofunguliwa. Kuyasoma yaliyomo kunahitaji kuifungua kila faili, moja baada ya nyingine. Kabrasha likiwa na picha elfu kumi, au likiwa katika tarakilishi ya mbali inayofikiwa kupitia mtandao, mtumiaji angesubiri hadi achoke.

Ya pili ni kwamba yaliyomo pia yana mipaka yake. Tumeona kwamba faili ya docx huanza kwa PK. Faili za xlsx za mahesabu, pptx za mawasilisho, epub za vitabu na apk za programu za simu za Android pia ni mafurushi ya ZIP. Anayetazama herufi mbili za kwanza hawezi kuzitofautisha. Waliobuni mtindo wa epub waliliona tatizo hili, wakaagiza kwamba kitu cha kwanza ndani ya furushi kiwe maelezo mafupi ya aina ya faili.

Aidha, kuna faili zisizo na alama yoyote. Maandishi ya kawaida huanza kwa herufi ya kwanza aliyoiandika mwandishi, basi. Toleo la Notepad lililokuwa katika Windows XP lilipata umaarufu mbaya kwa sababu hiyo. Mtu aliandika sentensi fupi ya Kiingereza, “Bush hid the facts”, akaihifadhi na kuifungua tena. Akakuta herufi zinazofanana na za Kichina! Programu ilikuwa imezitazama baiti, ikakisia kimakosa mfumo wa uandishi uliotumika. Wapo walioona njama ya kisiasa, kumbe ilikuwa hesabu ya kukisia iliyokwenda kombo, na sentensi nyingine zenye mpangilio kama huo zilipatwa na masaibu yayo hayo.

Kwa sababu hizo, mifumo mingi ya Linux huchanganya mbinu. Kwa kawaida hulitazama jina kwanza. Kiambishi kikikosekana, kisipojulikana au kikiwa na maana zaidi ya moja, ndipo yaliyomo yanapochunguzwa. Jibu hutolewa kwa majina ya MIME, utaratibu uliopendekezwa mwaka wa 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed kwa ajili ya baruapepe. Katika utaratibu huo, PDF huitwa application/pdf na picha ya JPEG huitwa image/jpeg.

Kampuni ya Apple ilijaribu njia ya tatu. Macintosh ya mwaka wa 1984 iliipa kila faili alama mbili za herufi nne nne, moja ya aina na nyingine ya programu iliyoiunda. Alama hizo zilihifadhiwa kando na jina, mahali ambapo mtumiaji hakuzifikia kwa urahisi. Mtu aliweza kubadilisha jina apendavyo na faili isitetereke. Kasoro ilijitokeza faili iliposafiri. Ilipopelekwa kwenye tarakilishi za aina nyingine, mara nyingi alama hizo zilipotea njiani na faili ikafika ikiwa yatima. Mfumo wa Mac OS X ulipotoka mwaka wa 2001, Apple ilianza kuegemea viambishi kama wengine. Jina lina udhaifu mwingi, ila lina sifa moja isiyopingika: huandamana na faili popote iendapo.

Watafiti hawajakata tamaa. Mnamo Februari 2024, kampuni ya Google iliitoa kwa umma programu iitwayo Magika, inayotumia akili unde kuyasoma yaliyomo na kutambua zaidi ya aina 100 za faili, zikiwemo za maandishi matupu ambazo hazina alama mwanzoni.

MASHAHIDI WASIPOPATANA

Kilichomkosesha mpwa wangu nafasi ya kazi ndicho wanachokitumia walaghai kuiba.

Mei 2000, baruapepe zenye kichwa cha kutangaza mapenzi zilienea ulimwenguni kutoka Ufilipino. Faili iliyoambatishwa iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kiambishi halisi kilikuwa vbs, ambacho ni cha programu inayotekeleza amri. Lakini Windows, tangu toleo la 1995, huvificha viambishi inavyovijua, kwa nia njema ya kumpunguzia mtumiaji fujo machoni. Wengi waliona jina likiishia kwa TXT, wakadhani ni barua, wakaibofya. Mamilioni ya tarakilishi ziliambukizwa, na hata Bunge la Uingereza likalazimika kuifunga huduma yake ya baruapepe kwa muda. Windows za leo zingali zinavificha viambishi hivyo mpaka mwenye tarakilishi aamue vinginevyo.

Zipo hila nyingine za kijanja zaidi. Katika orodha ya kimataifa ya herufi za tarakilishi imo herufi isiyoonekana, iliyowekwa kwa ajili ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama vile Kiarabu. Mlaghai akiipachika katikati ya jina, herufi zinazofuata huonyeshwa kinyumenyume. Faili inayoishia kwa fdp.exe huonekana kana kwamba inaishia kwa exe.pdf. Tarakilishi huusoma mpangilio wa kweli na kuiendesha programu. Jicho la binadamu huona PDF.

Tusidhani haya ni mambo ya kale. Aprili 2025 ilitangazwa kasoro katika WhatsApp ya tarakilishi za Windows, kwenye matoleo yaliyotangulia lile la 2.2450.6. Programu hiyo iliionyesha faili kwa kufuata jina lake la MIME, lakini ilipobofywa, ikachagua namna ya kuifungua kwa kufuata kiambishi. Mwovu angeweza kutuma faili iliyoonekana kuwa picha, nayo ikafunguka kama programu. Toleo lililofuata liliziba mwanya huo. Hatari huzaliwa pale ambapo anayetuonyesha faili na anayeifungua wanawasikiliza mashahidi tofauti.

TUFANYEJE?

Hatua ya kwanza ni kuvifichua viambishi. Kwenye Windows 11, fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, halafu File name extensions. Kwenye Macintosh, ingia katika mipangilio ya Finder, sehemu ya Advanced, na uchague kuonyesha viambishi vyote. Baada ya hapo, jina lolote lenye viambishi viwili, mathalan ankara.pdf.exe, litajianika lenyewe.

Pili, tusichanganye kubadilisha jina na kubadilisha aina. Anayetaka PDF kutoka kwa Word hana budi kuiamuru Word yenyewe iihifadhi kazi yake upya kama PDF. Kisha aifungue faili hiyo mpya kabla ya kuituma, maana faili inayokataa kufunguka kwako haitafunguka kwa mwajiri.

Tatu, usiiamini aikoni ya faili usiyoitarajia, hata ikiwa imetoka kwa mtu unayemjua. Barua za mapenzi za mwaka wa 2000 zilitoka kwa marafiki, kwa sababu kirusi hicho kilijituma chenyewe kwa watu waliokuwa katika daftari la anwani la kila kilichemwambukiza.

Lakini mzigo huu hauwezi kuachiwa mwananchi peke yake. Huduma nyingi siku hizi, kuanzia maombi ya kazi na karo hadi leseni na ushuru, hupitia tovuti zinazodai faili za aina fulani. Tovuti inayotazama kiambishi tu inampokea mtu kwa tabasamu na kumfungia mlango bila yeye kujua. Herufi za mwanzo za PDF ni tano tu. Laiti tovuti ya taasisi ile ingezikagua, ingemwambia mpwa wangu pale pale, vidole vyake vikiwa bado kwenye kibodi na makataa yakiwa bado hayajapita, kwamba alichotuma hakikuwa PDF. Aliyeiunda tovuti hiyo hakuchukua hata hatua hiyo, na aliyelipa gharama ni kijana asiye na kazi.

Nililirudisha jina la faili yake kuwa wasifu.docx, nikaibofya. Wasifukazi ukafunguka wote, kuanzia jina lake hadi wadhamini watatu, pasipo nukta iliyopotea. Haukuwa umeharibika hata siku moja. Ulikuwa umevishwa kiambishi kisichokuwa chake. Akauhifadhi upya kama PDF, akaifungua kuhakikisha, kisha akaanza kutafuta tangazo jingine.

“Kumbe kijana amefika, lakini walikuwa wanangoja kiti,” akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka.